Rufus na laptopu ambayo Windows 11 iliikataa: uzoefu wangu

Rufus, programu ya kuandaa flashi ya kuinstoli Windows, naipa 8 kwa 10, na hizo 2 nimezikata kwa sababu watu wanaisifia hata kwa kazi isiyo yake. Yenyewe inakuvusha kwenye ukaguzi wa Windows 11, basi. Mashine ikigoma kuwaka hilo ni suala lako na bayosi yako (ile programu ya ndani ya mashine inayoiwasha).

Laptopu yangu ni Core i5 ya kizazi cha 6, TPM yake (chipu ya usalama) ni 1.2, wakati Windows 11 inataka TPM 2.0 na kwa prosesa za Intel karibu zote wanaanzia kizazi cha 8, kwa hiyo kwa karatasi haipo kabisa. Ila mashine yenyewe bado nzima, ina SSD, na Windows 10 imeshaachwa tangu 14 Oktoba 2025, nikaona isiwe tabu, napiga 11.

Upande wa Rufus hakuna cha kusimulia sana. Haihitaji kuinstoliwa, unaifungua tu, unachagua ISO (faili la Windows) na flashi, ukibonyeza kuanza kinakuja kidirisha kinauliza kama uondoe masharti ya RAM, Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha) na TPM, unaweka tiki unasubiri. Safi.

Mziki ulianza kwenye kuwasha. Flashi ilikuwa imeandaliwa kwa GPT (mpangilio mpya wa diski) na bayosi ilikuwa kwenye legasi (njia ya zamani ya kuwasha), kwa hiyo ikanitolea maandishi kwamba flashi hii haiwaki kwa legasi, nenda kwenye setingi weka UEFI, yaani njia mpya. Hapo nawapongeza waliotengeneza Rufus, angalau inakwambia tatizo, maana zana nyingine zinakuachia kioo cheusi na kakistari kanakonyeza utakesha hapo. Nikazima CSM (inayoruhusu legasi) nikaweka UEFI, flashi ikawaka.

Kufika kwenye kuchagua diski ikakataa tena, eti diski ni MBR (mpangilio wa zamani) na mfumo wa EFI unataka GPT. Dawa yake ni Shift+F10, linafunguka dirisha la kuandika amri, unaandika diskpart, list disk, select disk na namba ya diski yako, clean, halafu convert gpt. Jamani hiyo clean inafuta kila kitu kwenye diski na haiulizi mara mbili, na flashi yako nayo imo kwenye hiyo orodha, angalia ukubwa kwanza ndo uchague, na data uwe umeshahamisha.

Ikainstoli mpaka mwisho vizuri tu, ikajizima kuwaka upya nikachomoa flashi, aisee, "No bootable device". Hapa ndo wengi wanarudia kupiga Windows upya wakidhani ile tiki ya TPM haikushika, na haihusiani kabisa, kwa sababu ukaguzi wa TPM unafanywa na kiinstola, ukishafika hapa umeshaupita. Tatizo ni kwamba bayosi nyingine za zamani hazijali ile njia ambayo Windows inajiandikisha nayo, zinatafuta faili moja tu, \EFI\Boot\bootx64.efi, zisipoliona zinasema hakuna diski. Nikarudisha flashi, Shift+F10, diskpart, nikaipa ile patisheni ndogo ya EFI herufi S, nikatoka nikaandika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Ukiwa ndani ya flashi herufi huwa zinahama, Windows yako inaweza kuwa D, hakikisha kwa amri ya dir kwanza. Kama bado inagoma, kopi bootmgfw.efi kutoka S:\EFI\Microsoft\Boot uiweke S:\EFI\Boot kwa jina la bootx64.efi. Baada ya hapo yangu iliwaka na inawaka hadi leo, sauti na waifai zikajipata zenyewe, kasi ni ileile ya Windows 10 tu msitegemee miujiza.

Wenye Core 2 Duo msijisumbue na toleo la 24H2, linataka SSE4.2 na POPCNT, amri ambazo ziko ndani ya prosesa yenyewe na Core 2 Duo haina, hizo Rufus haiwezi kuziruka, wekeni Linux.

Kingine, Microsoft hawakuahidi apdeti kwa mashine za hivi. Za usalama za kila mwezi kwangu zinaingia, ila toleo jipya la mwaka haliletwi lenyewe, inabidi uandae flashi nyingine na Rufus uapgredi kwa mkono. Ile flashi ya kwanza usiiformati, mashine ikigoma tena kuwaka utaihitaji.