Kichwa cha Jeshi Kimetua Mtwara: Tela Lipi Linakifaa?

Kisikilizeni kwanza kabla sijasema neno... Mmesikia? Hiyo ni Cummins ya lita 8.3, silinda sita, ina turbo, na haina haraka na mtu.

Karibuni wadau. Leo tupo Mtwara, njia ya kwenda Mikindani, kwenye yadi ya mzee mmoja ambaye kaomba nisimtaje jina. Kichwa chake lakini karuhusu nikikague mpaka uvunguni. Hiki ni M931A2, kichwa cha kuvutia tela kutoka jeshi la Marekani, kwenye familia ya malori inayoitwa M939. Ekseli tatu, zote zinavuta. Gia boksi ni Allison, inajibadilisha gia yenyewe. Usukani uko kushoto, na habari za vibali vya usukani wa kushoto mwulizeni mwenyewe, maana akianza kusimulia hapa tutalala.

Tangu asubuhi kila anayepita getini anauliza, "Kinavuta tani ngapi hicho?" Swali si baya, ila limewahi. Nguvu kinazo. Mimi nimekaa nacho siku tatu na matela matatu, na kilichonitoa jasho ni kupata tela linalokubali kukaa juu yake.

Sogeza kamera hapa, mdogo wangu. Hii sahani yenye grisi ndiyo inayobeba pua ya tela, na hii taya ya katikati ndiyo inayokamata kingipini, ile pini nene iliyo chini ya pua ya tela. Nimeweka tepu kutoka chini mpaka juu ya sahani, kichwa kikiwa kitupu kwenye sakafu ya zege: sentimita 140. Sasa twende kwenye Howo ya jirani pale, kichwa cha kawaida cha Kichina. Tepu ileile: sentimita 124. Tofauti ni sentimita 16, karibu urefu wa kalamu mpya ya risasi. Ukiitazama kwa macho unasema si kitu. Ngoja.

Tela la kwanza ni hili la kontena, ekseli tatu, la Kichina, zuri kabisa, halina hata miaka mitano. Tulipoanza kurudi rivasi kulifuata, sahani haikuingia chini ya tela. Iligonga paji la uso la tela, tela likasogea nyuma na miguu yake ikachora mistari miwili kwenye mchanga. Mnaiona ile mistari? Mtu asiyejua anaongeza mafuta. Ukiongeza mafuta hapo unakunja miguu ya tela, halafu unaanza kumtafuta mchawi. Tanboi ikabidi ashike mpini azungushe miguu ipande, azungushe, azungushe, mpaka nyuzi zikaisha. Ndipo ikaingia, tena kwa kukwaruza.

Ilipoingia, haya ndiyo tuliyoyaona. Tela limeinua pua. Nyuma limekaa chini. Nenda kwenye ekseli ya mbele ya tela, gusa springi: imelegea, jani la juu linacheza. Ekseli ya nyuma kabisa ndiyo inayobeba mzigo wa wenzake. Hapo tela ni tupu. Likibeba kontena, ukipanda mizani unaweza kuwa sawa kwenye uzito wa jumla na bado ukaumbuka kwenye ekseli moja, mbali na tairi za nyuma zitakazoisha kabla ya msimu.

Na urefu je? Kitanda cha tela hili pale mbele sasa kiko kama mita 1.55. Kontena refu, lile la high cube, lina mita 2.90. Jumlisha mwenyewe: 4.45. Huko mitaani kuna nyaya za umeme zimening'inia kama kamba za kuanikia nguo. Mimi sipiti nalo. Tela la kontena nimelikataa.

La pili ni loubedi la kubebea katapila, na hapa sichukui hata dakika. Kingipini ziko za aina mbili kubwa: ya inchi 2, ambayo watu wanaiita ya 50, na ya inchi 3 na nusu, ile ya 90. Taya ya mjeshi, yaani kichwa chetu hiki, ni ya inchi 2. Loubedi hili lina ya 90. Mzee alilipia advansi kwa simu, na muuzaji alimwambia "kingipini zote sawa tu". Sitamtaja muuzaji, ila mzee hajarudishiwa hela yake mpaka leo. Chukueni vipimo wenyewe, msipime kwa mdomo wa mtu. Na hata ikiwa ya inchi 2, ipime na unene: mpya ina milimita 50.8, ikifika 49 imekwisha, haijalishi imepakwa rangi nzuri kiasi gani.

Haya, la tatu. Hili chakavu. Najua mnacheka. Ni tela la kitanda bapa, ekseli mbili, limekaa juu ya mawe hapa yadi miaka kadhaa, mbao zimeliwa na mchwa. Ila tazameni tairi zake: 12.00R20, kubwa. Springi zake ni nene, na limetengenezwa enzi ambazo vichwa vingi vilikuwa vimeinuka juu. Nikapima bamba la kingipini likiwa limekaa sawasawa: sentimita 134. Pungufu sentimita 6 tu. Mzigo ukikaa, springi za kichwa zinashuka kidogo, na hizo 6 zinabaki 3 au 4. Tulipolifunga, pua haikupanda. Nilisimama kule getini nikalitazama kwa ubavu, kitanda kimelala kama meza.

Sasa upepo na umeme. Mipira ya upepo ya mjeshi ni miwili, mmoja wa kulijaza tela na mmoja wa breki. Vichwa vyake ni vya Kimarekani, na ubaya wake vinaingiliana: ukikosea ukabadilisha, vinakubali kimya kimya. Ikitokea hivyo, breki za tela hazifunguki, unavuta tela limegoma. Tumepaka rangi, nyekundu kwa nyekundu na njano kwa njano, ili hata tanboi mgeni asipotee.

Umeme nilikuwa nauogopa, ukanishangaza. Kule Marekani watu wanahangaika kwa sababu magari ya jeshi ni volti 24 na matela ya kiraia ni volti 12, ukiunganisha glopu zote zinakwenda. Sisi matela yetu mengi ni volti 24 tangu mwanzo. Kwa hiyo hapo tumepona. Kilichobaki ni plagi: ya jeshi ina pini 12, ya kwetu ina 7, na fundi umeme wa hapa alitengeneza kiunganishi kwa nusu siku.

Tukawasha. Kwanza hii swichi ya taa, ione: vijiti vitatu. Cha kufungulia usipokishika, kile kikubwa hakisogei kwenda kwenye taa za kawaida. Mzee siku ya kwanza alidhani imeharibika. Halafu nikamwambia tanboi akae nyuma ya tela, mimi nikakanyaga breki. Akapaza sauti, "Kaka, indiketa zote mbili zinawaka!" Taa ya breki, kimya. Sababu ni kwamba kwenye gari hili taa ya breki na indiketa ni glopu moja, waya mmoja kwa kila upande. Tela letu lina taa ya breki peke yake na indiketa peke yake. Ukiunga waya kwa waya, aliyeko nyuma yako anaona indiketa mbili ghafla na hajui unasimama au umepata hitilafu. Fundi alivuta waya mpya kutoka swichi ya breki na kuweka rilei, swichi ndogo inayowashwa na umeme wenyewe. Msiruke hatua hii. Usiku barabara ya Mingoyo haina taa.

Kitu kingine: sahani ya mjeshi, mbali na kulala mbele na nyuma, inalala pia kushoto na kulia, ili porini fremu isipindwe. Kuna kabari za kuizuia. Ukiwa na mzigo mrefu kwenye lami, kabari ziwe ndani. Jeshi la Marekani lenyewe, baada ya ajali nyingi za familia hii, liliweka kikomo cha maili 40 kwa saa, kama kilomita 64, mpaka yafungwe ABS, mfumo unaozuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki. Kwa hiyo dereva anayetaka kushindana na mabasi ya Dar, hapa si pake.

Na uzito? Kuna kibao ndani ya kabini kimeandika uwezo wa lami na uwezo wa porini, viwili tofauti. Kimeandikwa kwa pauni, si kilo. Gawanya kwa 2.2. Nimeona mtu akisoma pauni kama kilo, akaanza kupanga mzigo wa ajabu. Halafu juu ya kibao kuna sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo sisi tulianza kuitumia Machi 2019: ekseli mbili pacha zenye tairi nane ni tani 18. Hizo ndizo za tela hili. Kichwa chenyewe kina tairi moja moja nyuma, kwa hiyo usikidai uzito wa mwenye tairi mbili mbili.

Mzee anataka kubeba korosho kutoka vijijini juu huko Newala msimu ukifunguliwa Oktoba. Gunia la kilo 80, magunia 250, hizo ni tani 20. Nimemwambia aanze na 200. Kanuna kidogo.

Mzee huyu kwao Nachingwea, na anapenda kusema kusini tumeshazoea vyuma vya jeshi. Kweli. Waingereza na Mpango wao wa Karanga, wa mashamba makubwa yaliyofika hadi Nachingwea, 1947 hadi 1951, waliwahi kuleta Tanganyika vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Karanga zikagoma, tukabaki na bandari ya Mtwara. Hadithi hiyo anaisimulia akiwa ameegemea bampa, anacheka.

Jambo ambalo sikulitegemea ni mchanga. Jana tulikwenda upande wa Msimbati. Mjeshi ana mfumo wa kupunguza upepo wa tairi ukiwa umekaa kwenye kiti. Tulipunguza, kichwa kikaelea juu ya mchanga kama mtumbwi. Nyuma, tela na tairi zake ngumu likachimba mitaro miwili mpaka kwenye ekseli, na sisi tukiwa na kichwa chenye nguvu zote hizo tukawa tumetia nanga. Mfumo ule hauendi kwenye tela. Tulishuka, tukatoa upepo wa tairi nane za tela moja moja kwa mkono, tukatoka. Kompresa ya kurudishia tukaazima. Kwa hiyo mzee ananunua mpira mrefu wa upepo kabla hajanunua turubai.

Mbao za kitanda zinabadilishwa kesho, breki za tela zimefunguliwa zote nne na bitana mpya ziko pale kwenye boksi. Tanboi ananiita, kaona nati moja ya bamba la kingipini imelegea. Ngoja nikaishike spana, kamera iache hapohapo.