Mbio za vituko: mtoto mbele, baba hoi

Kama kwenu kuna mtu anayechukia kukimbia, mbio hizi za mtaa zinamfaa. Umbali ni kilomita 2 tu, ila unabeba yai bichi kwenye kijiko. Likidondoka, unarudi meza ya nyuma kuchukua jingine. Kwa hiyo kasi haimsaidii mtu. Binti yangu alitembea taratibu kama bibi harusi, macho kwenye kijiko, akampita baba yake aliyekuwa akifuta ute kwenye viatu. (Baba alinuna mpaka jioni.)

Kilichonivunja mbavu ni mzazi na mtoto kufungwa mguu kwa mguu. Wanatumia kitambaa laini, si kamba, kwa hiyo hakuna kuchubuka. Anzeni na mguu uliofungwa, mrefu afupishe hatua, mhesabu kwa sauti. Wasiohesabu walilala chini hatua chache tu baada ya filimbi.

Maandalizi sasa! Foleni ya namba haisogei, pini ziliisha, wengine tukabandika namba kwa gundi. Vyoo navyo vya kuhesabu. Kigari cha mtoto kinapita vizuri, isipokuwa penye mchanga.

Nyota 4. Ya tano wataipata wakiongeza vyoo.