Vitendo vitatu kwa zamu: mwaka wangu mezani na Pathfinder

Kilichokuwa kimenichosha ni ile sentensi ya kila zamu: "Nampiga. Basi, nimemaliza." Mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu tuliokuwa nao zamani ulimpa kila mtu kitendo kimoja kikuu, mwendo, na kitendo cha ziada kama mhusika wake amejaliwa. Asiyejaliwa alibaki kupekua karatasi yake akitafuta asichonacho. Ndipo nikawahamishia wachezaji wangu wanne kwenye mchezo mwingine wa aina hiyo, Pathfinder, toleo la pili, lililotoka mwaka 2019. Kanuni zake zinasomeka bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Mimi ndiye msimulizi, yaani ninayeendesha hadithi na maadui.

Kanuni ya zamu unaieleza kwa pumzi moja. Una vitendo vitatu, vitumie upendavyo, pamoja na nafasi moja ya kujibu kabla zamu yako haijarudi. Kutembea ni kimoja, kupiga ni kimoja, kuinua ngao ni kimoja.

Usiku wa kwanza kila mtu alifanya unachokidhani: piga, piga, piga. Lakini pigo la pili katika zamu hukatwa 5 kwenye matokeo ya dadu, la tatu 10. Anayehitaji 10 au zaidi kwenye dadu ya nyuso 20 ana asilimia 55 ya kupata pigo la kwanza, 30 la pili, na 5 tu la tatu. Baada ya wiki chache hakuna aliyelitaka tena la tatu, na mezani likaingia swali jipya: hiki kilichobaki nikifanyie nini? Mmoja akaanza kuwatisha maadui, mwingine akawa anazunguka ili adui abanwe pande mbili. Mwenye ngao akagundua kwamba ile +2 ambayo ngao iliyoinuliwa inaongeza kwenye namba ya kinga si ndogo kama inavyoonekana, maana adui ambaye matokeo yake yanavuka namba hiyo kwa 10 anakuumiza maradufu. Ngao inapunguza mapigo ya kawaida na hayo makubwa pia.

Kilichonikamata hasa nilikiona siku walipokutana na zimwi moja lenye nguvu kuliko wao. Lina vitendo 3, wao kwa pamoja 12. Wakawa wanapiga kisha wanarudi nyuma. Kurudi kulimgharimu kila mmoja kitendo chake dhaifu kuliko vyote, na zimwi likimfuata linapoteza theluthi ya zamu yake. Maadui wengi hapa hawana ruhusa ya kukuchapa kwa sababu tu umeondoka mbele yao, kwa hiyo ujanja huo hauna adhabu. Nilijaribu kuwakasirikia, nikashindwa. Na uchawi wa kupunguza kasi hauleti hesabu mpya: unakula kitendo kimoja cha adui, basi.

Sasa maudhi. Mikono! Kuchomoa upanga ni kitendo, kufungua mlango ni kitendo, kurudisha mkono wa pili kwenye shoka ni kitendo. Aliyezimia akazinduliwa anatumia kimoja kusimama, kimoja kuokota silaha, na mkononi anabaki na kimoja. Inaeleweka, lakini mchezaji aliyekaa nusu saa akisubiri kuzinduliwa hataki kueleweshwa. Mezani kwangu kusimama na kuokota ni kitendo kimoja, na sijaona kilichoharibika.

Wachawi nao hawaonji uhuru huo sana, kwani uchawi mwingi hula vitendo viwili. Uchawi wa tiba ndio ulionionyesha jinsi ambavyo mwingine ungeweza kuwa: kwa kitendo kimoja unaponya unayemgusa, kwa viwili unamponya aliye mbali na unaponya zaidi, kwa vitatu unaponya kila kiumbe hai kilicho karibu. Kila kiumbe. Tabibu wetu hakusoma neno hilo vizuri, akawainua wenzake pamoja na majambazi wawili waliokuwa hoi. Tulicheka mpaka dadu zikaanguka.

Nina mchezo wangu mdogo ninaoubuni, na nilidhani cha kuiba hapa ni namba. Nikaweka vitendo vinne, bila kukata chochote kwa anayerudia. Jaribio la kwanza, mchezaji wa kwanza: piga, piga, piga, piga. Wa pili naye hivyohivyo. Kabla hajafikiwa wa tatu nilikuwa nimeshatoa kalamu.