Bendera ya Meli au Namba ya IMO: Uanzie Wapi Kukagua?

Ukitaka kujua kama meli imo kwenye vikwazo vya kiuchumi, wengi huangalia bendera kwanza. Ni rahisi kuiona, na inakuambia meli iko chini ya sheria za nchi gani. Lakini bendera hubadilishwa kama shati. Sisi Watanzania tunalijua hilo vizuri: mwaka 2012 iligundulika kwamba meli 36 za mafuta za Iran zilikuwa zikipeperusha bendera yetu, zikiwa zimesajiliwa kupitia wakala aliyeko Dubai. Serikali ilizifuta, ila aibu tulishaipata.

Namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, ni habari nyingine. Ina tarakimu saba na huandikwa kwenye bodi ya meli. Jina, mmiliki au bendera vikibadilika, yenyewe inabaki ileile mpaka meli inakatwa chuma chakavu. Hata kuihakiki si kazi. Chukua 9074729: zidisha tarakimu sita za mwanzo kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, ujumlishe. Unapata 139, na tarakimu yake ya mwisho, 9, lazima ifanane na tarakimu ya saba ya namba yenyewe. Ikigoma, kuna mtu kabuni au kakosea kuandika.

Wajanja nao hawalali. Kuna meli zinazotembea na namba za meli zilizokwisha kukatwa kitambo, na hapo hesabu inakubali kabisa. Mimi bado ningeanza na namba, kisha nilinganishe umbo la meli na picha zake za zamani. Bendera ningeitazama mwisho, hasa kuona imebadilishwa mara ngapi.