Mabomba ya vyura: nyota moja, au tatu, hata sijui

Naanza na nyota moja, na hiyo ni ya bomba lenyewe la kuhesabia vyura, si ya aliyenikatia.

Masika yaliyopita nilikuwa nasaidia kuhesabu vyura wa miti kule msitu wa Jozani, Unguja, upande ule maji yanakotuama chini ya miti. (Kibali tulikuwa nacho. Usiende kujitundikia mabomba hifadhini ukasema nimekutuma mie.) Kifaa hakina makuu: kipande cha bomba la plastiki, chini kimezibwa, juu kiwazi, kinafungwa kwenye shina. Mchana chura hutafuta pahala penye unyevu ajifiche. Anaingia kwa hiari yake na kutoka kwa hiari yake, nawe asubuhi unapita na tochi, unachungulia. Kule Florida, Marekani, wanafanya hivi miaka mingi.

Kazi yote imo katika tundu moja. Hutobolewa ubavuni, vidole vinne juu ya kitako, mvua ikinyesha maji ya ziada yatoke na kidogo yabaki chini. Ndivyo nilivyomweleza kijana wa duka moja la vifaa vya ujenzi mjini, na alama nikamtilia kwa kalamu juu ya bomba. Akamtazama mwenzake: "Bimkubwa, na vyura siku hizi wanapangishiwa vyumba?" Duka zima kicheko. Nikalipa, nikaondoka kwa haya, bila ya kukagua.

Kufika msituni, lahaula! Kayatoboa kitakoni. Mabomba ishirini, hakuna hata moja linaloweka tone, na alama yangu ya kalamu ipo palepale inanitazama. Wiki nzima tukaambulia buibui na sisimizi. Ukitia mkono adhuhuri, ndani tanuri. Nikarudi dukani na bomba mkononi. "Mali ikishatoka hairudi," bila hata kuinua macho kwenye simu. Mtoto wa kumzaa mie!

Sasa hapa ndipo hasira zinaponiponyoka. Bomba moja lilikuwa limeingia majani makavu na tope, tundu likaziba lenyewe. Asubuhi moja namulika: chura, mdogo kuliko kidole gumba, kajibandika ukutani juu kidogo ya maji, miguu kaikunja chini ya tumbo, koo linapwita. Nilisahau hata kuandika saa.

Basi tukayaziba yote kwa nta ya mshumaa, tukatoboa upya kwa msumari wa moto, na vyura wakaja. Kuwatoa, unafunika mdomo wa bomba kwa mfuko wa nailoni, unawasukuma taratibu waingie humo. Na kama umejipaka dawa ya mbu usiwaguse, ngozi yao inanyonya kila kitu.

Nyota tatu, basi. Lakini wale vyura wadogo wa kwenye matete, wanaokaa juani bila wasiwasi, bomba hawana haja nalo. Usiku wanapiga kelele hadi masikio yanauma, asubuhi karatasi yangu inaandika sifuri. Ukitegemea bomba peke yake utasema hawapo. Kwa hilo narudi kwenye mbili.

Tunataka mengine kumi kabla ya vuli. Nitakwenda kwa yule yule, maduka mengine hawakati vipande. Ila akate tu, msumari nakuja nao mwenyewe.