Uzoefu wangu wa kurekebisha vyuma vya usukani kwenye Defender 110 iliyoinuliwa milimita 50, Malindi

Ninafunga na kutengeneza pampu za maji zinazotumia sola, na wateja wangu wengi wako Kakoneni, Langobaya, Baricho na Chakama, ambako njia za ndani zikishanyeshewa hubaki na makorongo yanayokwaruza tumbo la gari lolote fupi. Ndiyo maana niliiinua Land Rover Defender 110 yangu, ya mwaka 1997, kwa milimita 50. Springi na shoki ndefu zilifungwa kwa siku moja bila shida yoyote, na kwa macho gari lilikuwa limekaa vizuri.

Kasoro ilijitokeza kwenye lami. Nilipokuwa nikielekea Mambrui usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi, nikikata kona haurudi wenyewe, na juu ya daraja la Sabaki, upepo wa kusi ukivuma kutoka ubavuni, ilinibidi kulirudisha gari kwenye njia yake kila baada ya mita chache. Isitoshe, hata gari likienda moja kwa moja usukani ulikaa kombo.

Gereji ya kwanza niliyoiendea ilitazama dragilinki, yaani kile chuma kirefu kinachotoka kwenye mkono wa boksi la usukani upande wa kulia hadi kwenye gurudumu la kushoto, ikaona kwamba baada ya gari kuinuliwa kimelala kwa mteremko mkali. Uchunguzi huo ulikuwa sahihi. Dawa waliyoitoa ndiyo iliyokuwa mbaya: waliufungua mkono wa boksi, wakaupasha moto kwa gesi hadi ukawa mwekundu, wakaupinda ushuke chini ili dragilinki ilale sawa. Nililipa na kuondoka, nami nikiamini kazi imekwisha. Kwenye matuta ya njia ya Langobaya gari likawa linaruka kushoto na kulia kila gurudumu la mbele lilipopanda na kushuka, jambo ambalo halikuwapo kabla ya hapo.

Nilielekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima, upande wa Majengo, na huduma yake ndiyo ninayoiandikia. Hakuanza kwa kufungua kitu. Aliniketisha kwenye kiti cha dereva, injini ikiwa imezimwa, akabandika kipande cha utepe mweupe juu ya duara la usukani, kisha akaipandisha shasi kwa jeki polepole huku magurudumu yakiwa bado yamekanyaga chini. "Mwanangu, usiushike, utazame tu," akaniambia. Ule utepe ukaanza kusogea wenyewe, na alipofika mwisho wa jeki ulikuwa umehama upana wa vidole vitatu.

"Mzee, mbona unazunguka na hakuna aliyeugusa?" nikamuuliza.

Akanionyesha rodi ya Panhard, chuma kinachoishikilia ekseli ya mbele isiende kushoto wala kulia. Kimefungwa kwenye shasi upande wa kulia na kwenye ekseli upande wa kushoto, sawa kabisa na mwelekeo wa dragilinki. Kiwanda kilivipanga vyuma hivi viwili vilale sambamba na kwa urefu unaokaribiana ili ekseli ikipanda au kushuka vyote vichore upinde mmoja, na gurudumu lisipate amri yoyote ambayo dereva hakuitoa. Gari lilipoinuliwa vyote viwili viliteremka pamoja, kwa hiyo bado vilikuwa sambamba. Gereji ya kwanza ilipokilaza kimoja na kukiacha cha pili na mteremko wake, kila tuta likawa linausukuma usukani. Kama ningelielewa hili mapema, nisingekubali mkono ule uguswe. Kwa Defender iliyoinuliwa kiasi hiki, vyuma hivi viwili huhamishwa pamoja au huachwa pamoja.

Aliuondoa mkono uliopindwa na kukataa katakata kuurudisha. Chuma cha usukani kilichofuliwa kiwandani kikishapashwa moto hivyo hupoteza ugumu wake, na mtu hawezi kujua kwa kukitazama ni lini kitakatika. Tuliagiza mkono mwingine wa kawaida kutoka Mombasa.

Chanzo cha kutangatanga kilikuwa kwingine kabisa. Defender hutoka kiwandani na pembe ya kasta ya nyuzi 3, yaani mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele huuzungukia likikata kona, na pembe hiyo ndiyo inayoufanya usukani urudi katikati. Ukiliinua gari, radiasi amu, ile mikono miwili mirefu inayoishikilia ekseli isiende mbele wala nyuma, huizungusha ekseli kidogo na kuila pembe hiyo. Kwa milimita 50 karibu nyuzi zote 3 huwa zimekwisha. Tulifunga radiasi amu zilizotengenezwa kurudisha nyuzi hizo. Hapa ndipo fedha nyingi zilipokwenda, na sijuti hata shilingi.

Kisha akaning'iniza timazi kutoka shasini, kila upande, uzi wenye nati nzito mwishoni, akapima hadi kwenye rimu. Ekseli ilikuwa imevutwa kulia kwa milimita 8, kwa kuwa rodi ya Panhard ikizidi kuteremka huivuta ekseli kuelekea pale ilipofungwa kwenye shasi. Rodi inayorefushwa ilimaliza jambo hilo. Ekseli ilipokwisha kurudi kushoto, dragilinki nayo ilirefushwa kwa kiasi kilekile, na usukani ukakaa sawa.

Dragilinki yenyewe na ile tairodi ndefu iliyo nyuma ya ekseli, inayoyaunganisha magurudumu mawili ya mbele, nilibadilisha kwa hiari yangu. Tairodi ya asili ilikuwa imejipinda kidogo kwa kugonga visiki, na mpya ina bomba nene zaidi. Nyuzi za skrubu za ncha zote fundi alizipaka grisi nzito kabla ya kufunga, na hapa Malindi jambo hilo si la kupuuzwa, kwa sababu hewa ya chumvi huzigandisha na siku ya kurekebisha hulazimu kukata. Magurudumu ya mbele aliyapima kwa tepu, nyuma na mbele ya tairi, akayaacha yakiwa yamefunguka mbele kwa milimita 1. Gereji nyingi huyafunga kwa ndani kama ya gari dogo, lakini kiwango cha Defender ni kufunguka kati ya 0 na 2.

Alipolipandisha tena gari kwa jeki, utepe haukusogea kiasi cha kuonekana.

Kazi ya mikono ilichukua siku mbili. Dosari zilikuwapo. Nilipokata usukani hadi mwisho nilisikia mkwaruzo: bolti ya klampu ya tairodi ilikuwa inagusa radiasi amu. Nilirudi asubuhi yake, fundi akaizungusha klampu ielekee upande mwingine, wala hakunidai kitu. Dosari ya pili haina dawa rahisi. Radiasi amu mpya zinapoirudisha kasta huiinamisha pua ya difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, na propela ya mbele, shafti inayoipelekea difu nguvu ya injini, inafanya kazi kwa pembe kali zaidi. Kwa kuwa gari hili huvuta magurudumu yote manne wakati wote, nikifika kilomita 80 kwa saa nasikia mvumo chini ya miguu. Fundi alikuwa amenitahadharisha kabla ya kununua, na kwa ukweli huo namheshimu. Kwa sasa ninazitia grisi krosi za propela, vile viungo vya ncha zake, mara kwa mara, na nikipata uwezo nitafunga propela inayostahimili pembe kubwa.

Tangu hapo nimekwenda Chakama na kurudi mara kadhaa nikiwa na pampu na mabomba nyuma. Baada ya kilomita 500 nilirudi nati zote zikazwe upya. Mbili za radiasi amu zilikuwa zimelegea kidogo, za usukani hazikuwa zimelegea hata moja. Juzi nilivuka daraja la Sabaki alasiri, kusi ikivuma kwa nguvu, nikiwa nimeushika usukani kwa mkono mmoja.