Manifoldi ya Weber mbili kwenye Datsun 1600: tathmini baada ya kilomita 2,300

Manifoldi ninayoitathmini hapa, yaani bomba lenye matawi linalopeleka petroli na hewa kutoka kwenye kabureta hadi kwenye silinda, ni ya alumini ya kumiminwa, imetengenezwa ibebe kabureta mbili za Weber 40 DCOE kwenye injini za Nissan za mfululizo wa L zenye silinda nne, yaani L16, L18 na L20B. Nimeifunga kwenye Datsun 1600 ya mwaka 1971 yenye L16 yake ya asili ya sentimita za ujazo 1,595, gari ambalo limeishi Nairobi tangu liliponunuliwa na marehemu mjomba wangu. Bei yake pamoja na usafiri na ushuru ilipita shilingi 50,000, na hapo kabureta zenyewe hazimo. Majina ya kiwanda na duka nimeyaacha kwa makusudi, kwa sababu manifoldi za aina hii zinazouzwa kwa majina mbalimbali hufanana mno, na dosari nitakazozieleza zinafaa kuangaliwa kwenye yoyote kati yake.

Wapenzi wa gari hili hapa Kenya huanza kuota kabureta mbili mara wanaposikia habari za mwaka 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda mbio za magari za East African Safari wakiwa na 1600 SSS, toleo la kasi la gari hili. SSS hiyo ilitoka kiwandani na kabureta mbili za Hitachi za muundo wa SU. La kwangu ni lile la kawaida, lenye kabureta moja katikati, ambapo mchanganyiko wa petroli na hewa husafiri mbali zaidi kuzifikia silinda ya kwanza na ya nne kuliko zile mbili za kati, ndiyo maana plagi za mwisho hutoka na rangi tofauti hata injini ikiwa nzima. Kila DCOE ina makoo mawili, kwa hiyo kabureta mbili huipa kila silinda koo lake, na njia zote nne zinakaribiana kwa urefu. Hiyo ndiyo sababu ya maana ya kununua kifaa hiki. Mlio ni nyongeza, japo sitadai kwamba sikuufikiria.

Kwa macho, umiminaji ni mzuri. Sikuona vitundu, na kuta za njia za hewa zina ukwaruzo mdogo ambao sikuugusa. Shida ilijitokeza nilipoilaza manifoldi juu ya kioo kinene cha meza: fila geji (kibati chembamba cha kupimia mapengo) ya milimita 0.25 ilipita chini ya flanji ya katikati, ule uso bapa unaobanwa kwenye injini, bila kulazimishwa, huku ncha mbili za mwisho zikigusa kioo. Pengo kama hilo gasketi mpya huweza kulificha kwa wiki chache, kisha injini huanza kunyonya hewa pembeni, silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa mafuta) inapanda na kushuka, na mwenye gari anazunguka gereji baada ya gereji akibadilishiwa plagi na kondensa zisizo na kosa lolote. Nilibandika msasa namba 180 juu ya kioo hicho, nikaulowesha kwa mafuta ya taa, nikaipaka flanji wino wa kalamu nene, kisha nikaisukuma kwa mwendo wa nambari nane, nikiigeuza kila baada ya misukumo ishirini ili mkono wangu usile upande mmoja zaidi ya mwingine. Wino ulifutika kwanza kwenye ncha. Katikati palibaki doa jeusi kwa muda mrefu, doa likawa mstari mwembamba, na baada ya karibu saa mbili mstari nao ukaisha. Tangazo la muuzaji lilikuwa limesema kwamba manifoldi hufungwa bila kazi yoyote ya ziada.

Kazi iliyofuata inatokana na umbo la injini hii yenyewe. Hedi ya L16, yaani kichwa cha injini, imeweka njia za kuingiza hewa na za kutoa moshi upande mmoja, zikipishana, chini ya gasketi moja ndefu, na baadhi ya stadi (bolti zisizo na kichwa) hushika manifoldi zote mbili, ya hewa na ya ekzosi, kwa pamoja: washa nene na pana hulala nusu yake juu ya flanji ya hewa na nusu nyingine juu ya flanji ya ekzosi. Ni mpangilio wenye akili, lakini unadai flanji hizo mbili ziwe na unene mmoja. Kwangu flanji ya alumini ilipima milimita 11.2 na ya ekzosi ya asili 12.4. Washa inayokazwa juu ya ngazi ya namna hiyo huinama, ikaibana ekzosi peke yake, na manifoldi ya hewa ikabaki imeshikwa kwa heshima tu. Nilithibitisha hilo kabla ya kuwasha injini, kwa kuweka vipande vya karatasi chini ya kila washa upande wa alumini na kukaza nati zote kwa nguvu inayotakiwa na kitabu cha gari. Vipande vitatu vilichomoka kwa vidole viwili, bila hata kuchanika.

Wako wanaopeleka ekzosi ikapunguzwe unene kwenye mashine. Sikutaka, kwa sababu siku nikiamua kurudisha manifoldi ya zamani tatizo litageuka upande wa pili. Nilikwenda Eneo la Viwanda kwa kijana mmoja wa lethi, mashine ya kuchongea chuma, naye akanichongea washa za chuma zenye kidato cha milimita 1.2 upande mmoja, kila moja shilingi 300, na nilipolirudia jaribio la karatasi hakuna kipande kilichotoka. Kwa maoni yangu muuzaji yeyote mwenye haya angeziweka washa za namna hii ndani ya boksi, au walau angeandika unene wa flanji ili mnunuzi apime cha kwake mapema.

Kuhusu matundu, niliitumia gasketi kama kielelezo. Matundu ya manifoldi yalikuwa madogo kidogo kuliko ya hedi, jambo lisilo na madhara kwa kuwa hewa inatoka kwenye njia nyembamba kuingia kwenye pana. Gasketi ndiyo iliyokuwa imechungulia ndani ya njia ya tatu, nikaipunguza kwa wembe.

Kabureta za DCOE hazifungwi kwenye manifoldi kama kitu kinachotakiwa kutulia kabisa. Kati ya kabureta na manifoldi kuna pete ya mpira, na chini ya kila nati kuna washa ya springi yenye mizunguko miwili, ambayo lazima ibaki na mwanya wa kati ya nusu milimita na milimita moja. Mwanya ukiisha, kabureta hutikisika pamoja na injini, petroli iliyo ndani yake hutoa povu, na gari hukohoa kila linapokanyagwa mafuta kwa nguvu. Fundi aliyenisaidia ana miaka mingi kwenye Peugeot na Land Rover, na kwake nati ambayo haijakazwa ni kazi ambayo haijaisha.

"Mzee, hizi nati bado zinacheza. Nimalizie?"

"Ziache hapo hapo, fundi. Zinatakiwa zicheze."

"Na zikidondoka njiani?"

Nilimwonyesha kwamba ni nati zenye plastiki ndani, ambazo hazijifungui kwa mtikisiko. Alizigusa moja moja, akatikisa kabureta kwa kiganja, akaniambia kwamba gari ni langu.

Vitu vidogo vilivyofuata ndivyo vilivyokula siku. Gari hili lilitoka kiwandani na fito za kuvutia kabureta, ambazo haziifikii DCOE, kwa hiyo nililazimika kuhamia kwenye kebo. Niliyotumia ni ya mafuta ya pikipiki, ile ile ya bodaboda, kwa sababu inapatikana kila kituo na ni imara, nikaongeza springi ya pili ya kurudisha ili moja ikikatika gari lisibaki limekanyaga mafuta lenyewe. Bomba la kunyonya moshi wa injini, ambalo kwenye manifoldi ya zamani lilikuwa na mahali pake, kwenye hii mpya halina pa kwenda, nami nimelielekeza kwenye kopo dogo lenye kichujio. Tundu la mvuto wa hewa lipo moja tu, kwenye njia ya nne. Gari lenye breki za sevo, zinazosaidiwa na mvuto huo, litahitaji zaidi ya hapo, kwani mvuto wa njia moja hudunda badala ya kutulia, na itabidi njia zote nne zitobolewe na kuunganishwa kwa mirija. Faida tuliyo nayo sisi wenye usukani wa kulia ni kwamba kabureta zinakaa upande wa kushoto, mbali na silinda kuu ya breki, na spana inapita bila kugombana na kitu.

Chini ya kabureta kuna ekzosi. Bila ngao ya joto, petroli huchemka ndani ya kabureta kwenye foleni, na gari likizimwa kwa dakika kumi linakataa kuwaka. Ngao haikuja na manifoldi. Niliikata kutoka kwenye bati la alumini. Kuhusu zile tarumbeta za kung'aa zinazofungwa mdomoni mwa kabureta bila kichujio, kwa yeyote anayepita barabara ya vumbi hata mara moja kwa mwezi ni njia ya haraka ya kusaga ringi za pistoni.

Kwa urekebishaji nilianza na vibana-koo (sehemu nyembamba ndani ya kila koo) vya milimita 30 na jeti kuu, vile vitundu vinavyopima petroli, za 120. Kabureta mbili nilizisawazisha kwa mpira wa mita moja, ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kila koo, nikisikiliza mpaka mvumo wa kila moja ukalingana na wa mwenzake. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo jeti ya 120 ilinitolea plagi nyeusi za masizi. Nilishuka hadi 115, zikawa na rangi ya biskuti, zote nne sawa, jambo ambalo gari hili halikuwahi kunionyesha kwa kabureta moja. Kisha nikaenda Mombasa. Hadi Mtito Andei sikuwa na la kulalamikia, lakini kuanzia Voi, joto likipanda na hewa ikizidi kuwa nzito, injini ilianza kusitasita kwenye vilima vidogo, na plagi nilizofungua Mariakani zilikuwa zimekaribia kuwa nyeupe. Nilirudisha 120 kando ya barabara. DCOE ina kifuniko kidogo juu kinachofunguliwa kwa mkono, jeti zote zinachomolewa hapo bila kuvua kitu kingine, na kazi ilichukua chini ya robo saa, nikiwa na hadhira ya watoto watano na mbuzi. Tofauti kati ya 115 na 120 ni sehemu tano za mia za milimita, lakini ndiyo inayotenganisha gari la Nairobi na gari la Mombasa, na boksi la jeti sasa linakaa kwenye kidroo cha dashibodi.

Gari limebadilika. Gia ya tatu inapanda Mlolongo bila kuombwa, na kuanzia mizunguko 3,500 injini inavuta kwa namna ambayo mjomba angeitilia shaka. Chini ya hapo sioni tofauti kubwa. Matumizi ya petroli yamepanda: nilikuwa nikipata kilomita 11 kwa lita barabara kuu, na sasa napata 9. Baada ya kilomita 800 nilikaza upya nati za manifoldi, na nne kati yake zilikubali karibu robo mzunguko. Katika ukaguzi wa mwisho, kwenye kilomita 2,300, hakuna iliyosogea.

Mwenye SSS iliyo na kabureta zake za asili asiziondoe kwa ajili ya hii. Mwenye 1600 ya kawaida ambaye ana kioo, fila geji na mtu wa lethi anayemwamini, ninaipendekeza, kwa sharti kwamba ahesabu siku tatu za kazi na robo ya bei juu ya bei. Asiye na hivyo atakuwa amenunua chuma cha kuweka kwenye rafu.

Nilimwandikia muuzaji kuhusu tofauti ya unene wa flanji, nikamtumia na picha za vile vipande vya karatasi. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, la adabu sana, pamoja na bahasha yenye washa nne mpya. Zote ni bapa.